Homa Ikishapita: Kumbukumbu za Chikungunya katika Uwanda wa Makonde

Kati ya mwaka 1952 na 1953 ugonjwa mgeni uliingia katika vijiji vya uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, ukasambaa kuanzia Newala hadi Masasi kwa kasi iliyowashtua wenyeji na madaktari. Mtu aliyetoka alfajiri na jembe begani aliweza kurudishwa kwa kubebwa kabla ya adhuhuri, magoti na vifundo vya miguu vimekataa kumtii. Homa ilipanda ghafla. Baadhi ya wagonjwa walitoka vipele. Lakini habari iliyosimuliwa kuliko zote ilikuwa ya viungo: maumivu makali ya vidole, viwiko, magoti na nyayo, yaliyomkunja mgonjwa mpaka akashindwa kusimama.

Daktari Marion Robinson, aliyewaona wagonjwa hao, aliuelezea ugonjwa huo katika jarida la tiba lililotoka Uingereza mwaka 1955. Dalili nyingi zilifanana na za dengue, ila maumivu ya viungo yalizidi kiasi. Wamakonde walikuwa tayari wameupa ugonjwa jina, chikungunya, kwa jinsi unavyomkunja mtu, na Robinson alilichukua jina lao. Ndilo jina linalotumika leo kuanzia Brazili hadi Singapore.

Bibi yake mwandishi wa makala haya alikuwa mke mdogo aliyeolewa karibuni katika kijiji kimoja cha wilaya ya Newala wakati homa ile ilipopita. Miaka mingi baadaye, akiwa ameketi barazani akibangua korosho, mjukuu alimwuliza homa yenyewe ilimkaa siku ngapi.

"Homa ilikwenda zake, mjukuu wangu," alijibu. "Siku tatu, nne, ikaondoka. Kilichobaki ni hiki." Akanyoosha viganja, akavifumba nusu, akaonyesha mahali ambapo vidole viligoma.

Alieleza kwamba msimu mzima hakuweza kuushika mchi asubuhi. Jua likishapanda vidole vililegea kidogo, akatwanga. Kesho yake alfajiri viligoma tena. Mama mkwe wake alimwelewa, kwa sababu naye alikuwa akitembea na fimbo. Nyumba nzima iliugua, na nyumba ya jirani vilevile, kwa hiyo hakuna aliyemwita mwenzake mvivu. Bibi aliigawa simulizi yake mara mbili kila alipoitoa: kulikuwa na homa, kisha kulikuwa na viungo. Hakuwahi kuvichanganya viwili hivyo. Sayansi ilichukua zaidi ya nusu karne kueleza kwa nini alikuwa sahihi.

*

Kuelewa kwa nini ugonjwa ulishika pale, mtu aanze na maji. Uwanda wa Makonde umeinuka juu ya bonde la Ruvuma, na kutoka ukingo wa Newala, kwenye lile genge liitwalo Shimo la Mungu, jicho linaona mpaka ng'ambo ya Msumbiji. Udongo wake wa kichanga hunywa mvua upesi. Chemchemi ziko chini, kwenye miteremko na mabonde, na watu wanaishi juu. Karl Weule, Mjerumani aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906 akichunguza maisha ya wenyeji, alishangazwa na Wamakonde waliochagua kukaa mbali hivyo na maji. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka bondeni na mitungi na kupanda nayo kichwani, na kila tone lililofika nyumbani lilihifadhiwa.

Hapo ndipo Aedes aegypti, mbu anayeeneza chikungunya, alipopata makazi. Mbu huyu hapendi mto wala kinamasi. Anataka maji safi yaliyotulia ndani ya chombo, karibu na watu anaowauma mchana. Mayai yake hushika ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji, na yanaweza kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa, yakaanguliwa siku chombo kinapojazwa tena. W. H. R. Lumsden, aliyekuja kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, alivichunguza vijiji na kueleza jinsi uhaba wa maji na desturi ya kuyahifadhi majumbani vilivyohusiana na mlipuko. Mwenzake, R. W. Ross, alichukua damu ya wagonjwa, akawadunga vichanga vya panya, na akakipata kirusi chenyewe. Taarifa yake ilitoka mwaka 1956. Aina ya kirusi iitwayo S27, iliyopatikana katika damu ya mgonjwa wa mlipuko ule, ingali inakuzwa katika maabara za dunia kama kielelezo cha asili.

Entebbe ilikuwa mahali pa kazi kubwa wakati ule. Taasisi ile ilianza mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano; kirusi cha West Nile kilipatikana Uganda mwaka 1937, cha Zika mwaka 1947. Mwaka 1959 kaskazini mwa Uganda ukazuka ugonjwa mwingine wa viungo, o'nyong'nyong, jina la Kiacholi, unaosababishwa na kirusi kilicho ndugu wa karibu wa chikungunya. Uliwapata zaidi ya watu milioni 2 katika Afrika Mashariki kabla haujatulia. Magonjwa mawili ya ukoo mmoja yalipewa majina na watu wawili walio mbali, Wamakonde na Waacholi, na yote mawili yanaeleza kile ugonjwa unachoyafanyia maungo.

Huenda pwani iliyajua maumivu haya mapema zaidi. Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar wakati wa mlipuko wa mwaka 1870, aliandika juu ya ugonjwa ambao Waswahili waliuita kidinga pepo, na wazee wakamwambia kwamba uliwahi kupita takriban nusu karne kabla. Kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa dengue. Mwaka 1971 Donald Carey, akisoma upya maelezo ya zamani, alitoa hoja kwamba baadhi ya milipuko ile ilifanana zaidi na chikungunya, na ushahidi wake mkuu ulikuwa viungo vilivyoendelea kuuma baada ya homa kwisha. Daktari wa Marekani akitegemea kumbukumbu za wagonjwa wa Unguja, miaka mia moja baadaye.

*

Sasa twende ndani ya kiungo chenyewe.

Kirusi cha chikungunya kina uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 11,800, na humo mna maelekezo yake yote. Mbu anapouma, kirusi huingia ngozini na kuzikuta fibroblasti, seli zinazojenga tishu unganishi. Kutoka hapo huingia kwenye damu na kufika misulini na viungoni. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis walitambua protini iitwayo Mxra8 kuwa mojawapo ya milango inayotumiwa na kirusi, na protini hiyo imo juu ya seli za ngozi, misuli, gegedu na mfupa. Kwa hiyo kirusi hakiendi kwenye magoti na vidole kwa bahati. Kinakwenda kunakofunguka.

Seli iliyovamiwa hutambua mgeni. Ndani yake zimo protini za ulinzi, miongoni mwake RIG-I na MDA5, zinazokagua kama kuna RNA isiyo ya mwili. Zikikuta mgeni, hupitisha ishara kutoka protini hadi protini mpaka kwenye kiini cha seli, jeni fulani zikawashwa, na seli ikaanza kutoa interferoni. Kazi ya interferoni inafanana na mbiu ya mgambo: nyumba moja imevamiwa, sauti inatoka, majirani wanafunga milango kabla adui hajafika. Seli za jirani zikipokea ishara hiyo huwasha mamia ya jeni za kuzuia kirusi kuzaliana.

Interferoni iligunduliwa London na Alick Isaacs na Jean Lindenmann mwaka 1957, mwaka mmoja tu baada ya taarifa ya Ross. Wakati bibi akihangaika na mchi wake, hakuna mtu duniani aliyelijua jina la kitu kilichokuwa kikimwokoa. Maana kilimwokoa kweli. Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walionyesha kwamba panya wakubwa wenye afya hawaugui sana wakiambukizwa chikungunya, lakini wenzao waliozaliwa bila kipokezi cha interferoni huugua vibaya na kufa. Binadamu wengi hupona homa ndani ya wiki moja kwa sababu hiyo: ishara inatoka mapema, na inasikika.

Kirusi nacho hakisubiri kushindwa. Protini yake moja, nsP2, huingia kwenye kiini na kuvuruga usomaji wa jeni za mwenyeji, ili ishara ianze na isikamilike. Protini hiyohiyo inazuia pia njia ambayo seli hutumia kupokea interferoni kutoka nje. Mapambano ya siku mbili tatu za mwanzo ni mbio kati ya mwito wa ulinzi na juhudi ya kirusi ya kuuzima.

Seli iliyozidiwa ina uamuzi mmoja mkubwa uliobaki: kufa. Na namna inavyokufa ina uzito wake.

Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, wakiwa Chuo Kikuu cha Aberdeen huko Uskoti, walieleza kifo cha utaratibu walichokiita apoptosisi. Seli hujikata vipande vilivyofungwa ndani ya utando wake, na seli walaji, makrofaji, huvimeza vipande hivyo pasipo kuamsha uvimbe. Mwili hufanya hivyo kila siku ili kuondoa seli zilizochakaa. Seli yenye kirusi ikifa hivi mapema, inakizuia kirusi kuzaliana.

Lakini katika kisiwa cha Réunion, ambako chikungunya ilikuwa imewaumiza watu wengi, watafiti walionyesha mwaka 2011, kwa seli za maabara, kwamba kirusi hiki kinaweza kujificha ndani ya vipande vya apoptosisi. Mlaji anameza kipande akidhani ni taka, na kirusi kinaingia pamoja nacho. Mwaka uliofuata kundi la Pasteur likaonyesha kwamba seli zinapojisafisha kwa kuyeyusha sehemu zake za ndani, kazi iitwayo otofaji, kifo cha seli hizo huchelewa na kirusi hakienei upesi. Panya waliopungukiwa uwezo huo waliugua zaidi. Kifo cha seli, basi, kinaweza kumlinda mgonjwa au kumdhuru, kutegemea kimekuja lini na mabaki yamekwenda wapi.

Kuna kifo kingine chenye kelele, pairoptosisi. Hiki huanza pale mkusanyiko wa protini uitwao inflamasomu unapoundwa ndani ya seli. Jürg Tschopp na wenzake waliueleza mkusanyiko huo nchini Uswisi mwaka 2002. Inflamasomu huamsha kimeng'enya kinachokata protini iitwayo gasdemini D, na hiyo ndiyo inayotoboa utando wa seli. Seli hupasuka. Kupitia matundu hayo humwagika interleukini-1 beta, saitokini (protini ya ishara za kinga) inayopandisha homa, kupanua mishipa na kuita askari zaidi wa kinga. Mwaka 2017 kundi la Suresh Mahalingam wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, lilionyesha kwamba inflamasomu ya aina ya NLRP3 huamka katika chikungunya, na kwamba panya waliopewa kizuizi chake walipata uvimbe mdogo wa viungo na mifupa yao ikaharibika kidogo. Wingi wa kirusi haukuwa ndio uliobadilika. Kilichopungua ni ghasia ya mwili wenyewe.

Hapa simulizi ya bibi inaanza kusomeka upya. Wakati homa inashuka, damu ya mgonjwa huwa imekwisha kusafishwa kirusi au inakaribia. Ndani ya kiungo, hata hivyo, ishara zinaendelea. Saitokini CCL2 huvuta monosaiti kutoka kwenye damu; zikifika kiungoni hugeuka makrofaji na kutoa saitokini nyingine, ikiwemo interleukini-6. Seli zinazomumunya mfupa huchochewa. Watafiti wa Singapore, waliopima damu za wagonjwa wa mlipuko wa mwaka 2008, waliona interleukini-1 beta na interleukini-6 zikiwa juu kwa walioumwa zaidi. Mwaka 2013 wakaonyesha jambo kubwa kwa panya: walioondolewa seli za kinga ziitwazo T, za aina ya CD4, hawakuvimba sana, ingawa kirusi kilikuwa palepale. Sehemu kubwa ya kiwiko kinachovimba ni kazi ya ulinzi.

*

Kwa miongo kadhaa chikungunya ilihesabiwa kuwa ya pembezoni mwa tiba. Kisha, Julai 2004, Lamu ikalala kwa chikungunya.

Uchunguzi wa damu uliofanyika baada ya mlipuko ule ulikadiria kuwa karibu robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Ukame ulikuwa umebana pwani ya Kenya, na watafiti waliuhusisha mlipuko na joto, ukavu na maji yaliyohifadhiwa majumbani kwa muda mrefu bila kubadilishwa. Ilikuwa hadithi ya Newala ikirudiwa katika nyumba za mawe. Mombasa ikafuata, kisha Komoro mwaka 2005, kisha Réunion, ambako watu wapatao 266,000, theluthi moja ya wakazi wa kisiwa, waliugua. Huko kirusi kilibadilika herufi moja katika protini ya ganda lake, mabadiliko yanayoitwa A226V, kikapata urahisi wa kuishi ndani ya mbu mwingine, Aedes albopictus, anayestahimili nchi za baridi kuliko aegypti. Mwaka 2006 India ilihesabu wagonjwa zaidi ya milioni 1. Mwishoni mwa 2013 ugonjwa ukafika visiwa vya Karibi, na mwaka 2014 Brazili.

Ugonjwa ulipofika penye hospitali kubwa na maabara, maumivu yanayobaki yalianza kuhesabiwa. Katika kundi moja la wagonjwa lililofuatiliwa Réunion, asilimia 60 walikuwa bado wanaumwa viungo miezi 36 baada ya homa. Nchini Marekani madaktari waliwapima wasafiri 10 waliorudi na chikungunya kutoka Haiti mwaka 2014. Wanane kati yao walikuwa na maumivu yaliyokidhi vigezo vya baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga hushambulia viungo vya mwenyewe. Daktari asiyeuliza habari ya safari asingeweza kutofautisha.

Kwa nini vita haviishi? Majibu mawili yanashindana, na yote yana ushahidi. Mwaka 2010 watafiti wa Réunion walikuta RNA na protini za kirusi ndani ya makrofaji za kiungo cha mgonjwa aliyeumwa kwa miezi 18: mabaki ya adui bado yapo, na kinga inaendelea kuyapigania. Mwaka 2018 uchunguzi mwingine, uliofanywa kwa wagonjwa 38 wa Kolombia karibu miaka miwili baada ya homa, ulitafuta kirusi kwenye majimaji ya viungo na haukukipata. Yumkini kwa baadhi ya watu mabaki hubaki yamejificha katika tishu, na kwa wengine ishara zimeshajiendesha zenyewe bila adui.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Dada yake mwandishi aliyeolewa Mombasa aliugua wakati wa mlipuko wa mwaka 2017 na 2018. Homa ilipita upesi. Miezi ikaenda, na kila asubuhi alishindwa kuvaa viatu vya kufunga kamba wala kufungua chupa ya maji. Katika kituo kimoja aliambiwa hana ugonjwa kwa kuwa vipimo havionyeshi kitu, na mahali pengine kwamba ni umri. Alipompigia simu bibi, aliyekuwa mzee sana kipindi kile, alipokea swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza: "Asubuhi ndiyo mbaya zaidi?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi ni kile kile. Usikae tu. Vilegeze vidole kwa maji ya uvuguvugu, uvisogeze polepole. Vyangu viliacha."

Mafunzo ya kisa hiki yanahusu hatua tatu za tiba, na kila moja inasimama juu ya maelezo ya seli yaliyotangulia. Siku za mwanzo, kabla dengue haijaondolewa katika hesabu, mgonjwa hupewa parasetamoli, na aspirini pamoja na jamaa zake kama diklofenaki na ibuprofeni huepukwa, kwa sababu dengue inaweza kuleta kutokwa damu na dawa hizo huongeza hatari. Kutofautisha si rahisi kwa macho: mbu ni yuleyule, homa inafanana, na magonjwa yote mawili yanaweza kuwapo katika mji mmoja kwa wakati mmoja. Dengue ikishaondolewa, dawa za kutuliza uvimbe huwa na nafasi. Maumivu yakiendelea kwa miezi na viungo vikivimba, mgonjwa anastahili kuonwa na mtaalamu wa viungo, ambaye anaweza kufikiria metotreksati au dawa nyingine za kutuliza kinga, zilezile za baridi yabisi. Hakuna hadi sasa dawa iliyoidhinishwa ya kukishambulia kirusi chenyewe. Na kwa mtu ambaye kirusi kimekwisha kuondoka, dawa ya namna hiyo isingemfaa sana. Adui aliyebaki ni ishara.

Kuna funzo la nne, nalo linagusa zahanati zote za kusini. Mwaka 2007 na 2008 katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Asilimia 60.7 walikuwa wameandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Kati ya 700 waliopimwa chikungunya, asilimia 7.9 walikuwa nayo, na hakuna aliyeitarajia. Hao walikuwa watu wa Kilimanjaro, mbali na Newala, katika nchi ambayo iliipa dunia taarifa ya kwanza ya ugonjwa huu. Mwaka 2019 Tanzania ilipopata wagonjwa zaidi ya 6,000 wa dengue, wengi wakiwa Dar es Salaam, ndipo wengi walipozoea kusikia kwamba homa inaweza kuletwa na mbu wa mchana. Chikungunya haijapata bado nafasi hiyo masikioni mwa watu.

Chanjo zimeanza kupatikana. Ya kwanza, inayotumia kirusi hai kilichodhoofishwa, iliidhinishwa Marekani Novemba 2023. Leseni yake ilisitishwa huko Agosti 2025 baada ya taarifa za madhara makubwa, hasa kwa wazee. Ya pili, isiyo na kirusi hai, iliidhinishwa Februari 2025. Mwaka huohuo Réunion ilipigwa tena, wagonjwa waliothibitishwa wakapita 50,000. Mjadala wa chanjo ya kwanza unarudi kwenye somo lile la viungo: kinga inayoamshwa lazima itoshe kulinda, na isizidi mpaka ijeruhi, na kipimo hicho si kimoja kwa kijana na kwa mzee.

Juu ya uwanda, mambo mengine yamebadilika. Mradi wa maji wa Makonde huvuta maji kutoka Mitema na kuyasukuma kuelekea Newala na Tandahimba, na bomba linapotoa maji kila siku hakuna sababu ya kuyaweka ndani kwa wiki. Yanapokatika, madumu, mapipa na matangi hujazwa, na mfuniko unaoziba vizuri huwa na thamani kubwa kuliko chandarua, kwa sababu mbu huyu huuma watu wakiwa macho. Kusugua kuta za chombo kwa brashi kabla ya kukijaza upya huondoa mayai ambayo kumwaga maji peke yake hakuyaondoi.

Linalokosekana ni ufuatiliaji wa watu. Wagonjwa wa Réunion, Singapore na Kolombia wamehesabiwa, wamepimwa saitokini, wameulizwa tena baada ya mwaka mmoja na miwili. Wa Newala na Masasi, ambao mateso yao yalifungua mlango wa elimu yote hii, wanastahili kuulizwa vilevile. Haihitaji kuanza na mashine. Mgonjwa wa homa ambaye kipimo cha haraka cha malaria kimeonyesha hana, na ambaye analalamikia viungo, aandikwe tarehe ya homa yake na viungo vinavyouma, kisha aitwe baada ya miezi mitatu aulizwe kama vidole vyake vinafumba asubuhi. Daftari la namna hiyo likikaa katika hospitali za wilaya, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) au Taasisi ya Afya ya Ifakara watajua pa kuanzia watakapokuja na vifaa vya kupima kirusi na interleukini. Na mama anayeketi kwenye benchi la zahanati, akieleza kwamba homa iliondoka ila mikono haijarudi, atakuwa anazungumza na mtu aliyefundishwa kumwamini.